Aliyeitwa Ngoja

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe. Siku ya kuandikishwa, karani wa dirishani aliuliza bila kuinua uso, "Jina la mtoto?" Seremala alikuwa na karatasi ya majina matatu mfukoni, ila hakukumbuka ni mfuko upi. Akasema, "Ngoja." Karani akaandika Ngoja, akagonga muhuri. Seremala aliogopa muhuri kuliko alivyomwogopa mkewe, na alipofika nyumbani na cheti akagundua kwamba hofu zake alikuwa amezipanga vibaya.

Mama mtu alilisusa jina hilo miaka minne. Kisha siku moja binti alikurupuka nyuma ya mpira, moja kwa moja hadi barabarani, na mama hakuwa na nafasi ya kuchagua. Akapiga ukelele, "Ngoja!" Mtoto akasimama, na lori la mchanga likampita puani. Mpaka leo haijulikani kama alisimama kwa kuitwa au kwa kuamriwa. Jina likabaki, na woga wa kuitwa nao ukabaki.

Alianza shule mwaka 1961, akamaliza kidato cha nne 1972. Huko ndiko wenzake walikomwimbia methali kila asubuhi: ngoja ngoja huumiza matumbo. Alicheka nao, lakini ilimwingia. Tangu hapo kila tumbo lilipomsokota, hata kama ni kwa maharage ya jana, aliweka kiganja juu yake na kusubiri methali itimie. Alitembea nayo maisha yote, kama mtu anayefuatwa na mbwa asiye wake.

Kuanzia 1975 hadi alipostaafu 2009 alikuwa karani wa usajili, dirisha namba tatu, vizazi asubuhi na vifo mchana. Aliandika majina ya kila namna, na asili ya kila moja aliikumbuka. Foleni, ambaye mama yake alishikwa na uchungu akiwa wa kumi na nne kwenye mstari wa kliniki. Kumbe, pacha ambaye hakuna aliyejua kuwa yumo. Samahani, ambaye baba yake alikuwa na lake la kuomba radhi nyumbani.

Mwaka 1981 alikuja baba mmoja na mtoto wa saba, akataka aandikwe Mwisho. Marehemu akamwuliza mwisho wa nini. Akajibu kwamba mama wa mtoto amechoka. Akaandika. Miezi minne baadaye baba yule alirudi, na safari hii alikuja mchana. Marehemu akaandika jina lile lile katika daftari la pili, kwa mwandiko ule ule.

Baada ya hapo hakuandika jina la mtoto bila kwanza kulisikia likiitwa. "Liite," aliwaambia wazazi. "Si hivyo, baba. Liite kama anakimbilia barabarani." Watu wazima walipiga kelele ofisini mpaka mkuu wa ofisi akahamishia meza yake chumba cha nyuma. Kuna mmoja alikuja na jina refu la silabi kumi na moja, akaishiwa pumzi katikati. Marehemu akamwambia, "Huyo ameshagongwa. Punguza."

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 2 Julai 1977. Mwanamume alikuja dirishani kufuata cheti cha mpwa wake, akapata ujasiri wa kumwuliza dada anaitwa nani. Akaambiwa, "Ngoja." Akangoja. Saa kumi, ofisi ilipofungwa, alikuwa bado amesimama pembeni ya mlango. Ifahamike kwamba mumewe ni fundi cherehani, kwa hiyo ni yeye peke yake katika kazi ile aliyewahi kusubiri. Wengine wote husema njoo kesho.

Novemba 2023 tumbo lilimsokota na halikuacha. Alipimwa, akapewa tarehe ya majibu: Alhamisi, 11 Januari 2024. Siku hiyo, hospitalini, binti yake mdogo alitoka nje kupokea simu, na aliporudi akamkuta mama yuko pale pale kwenye benchi. Akauliza kama hawajamwita.

"Nesi kafungua mlango, kasema ngoja."

Hakusema uongo hata neno moja. Benchi zima lilisikia hivyo hivyo na kujiegemeza ukutani. Jioni waliambiwa faili limepita, warudi mwezi unaofuata. Februari ikawa vile vile. Machi binti hakutoka nje. Nesi alifungua mlango, akaita, "Ngoja!" Kisha, "Ngoja yuko wapi?" Mama akavikodolea macho viatu vyake.

"Mama, unaitwa."

"Najua."

"Kumbe unajua?"

"Naogopa, mwanangu. Huo mlango nimeuogopa tangu darasa la kwanza."

Waliingia wameshikana mikono, na haijulikani nani alikuwa anamshika mwenzake. Ulikuwa uvimbe, tumboni kweli. Mumewe alipouliza baadaye kama ile miezi miwili ingebadilisha chochote, daktari alifunga faili, akasema wafikirie matibabu.

Alitibiwa kwa miezi mitano. Alhamisi, tarehe 12 Septemba, mjukuu wake alimlaza kitukuu kifuani pake, akamwuliza, "Bibi, huyu tumwite nani?" Marehemu akamtazama mtoto, akasema, "Ngoja," akapitiwa na usingizi. Hakuzungumza tena. Jumapili, tarehe 15 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, mumewe aliliita jina lake mara tatu. Safari hii hakusimama.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, akiwemo mmoja ambaye stashahada yake nayo bado inangoja, na kitukuu mmoja, leo ana siku kumi na tisa na hana jina. Kila likitajwa moja, kuna mtu humo ndani anasema, ngoja kwanza. Kama bibi alijibu au aliomba muda, hakuna ajuaye. Mama wa mtoto anaogopa kulipeleka jina hilo dirishani, na anaogopa zaidi kutolipeleka. Jana jioni alisimama uani, akalijaribu kwa sauti ya barabarani, kama bibi mwenyewe alivyofundisha.

Nyumba nzima ikasimama.

Mama apumzike kwa amani, na asiwepo wa kumwita mlangoni.