Sufuri Si Jibu: Kumuaga Bi Angalia Pia

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi, mkuu wa katalogi wa maktaba yetu ya wanawake anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Wasomaji wengi hawakijui cheo chake, na wapo wafanyakazi ambao itabidi wafikirie kidogo kabla ya kulikumbuka jina lake kamili. Lakini ukimtaja Bi Angalia Pia, hata fundi wa miwani mwenye duka chini ya ngazi zetu atakuonyesha mlango.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu ya mapokezi imetazamana na meza yake kwa miaka kumi na minne. Mwenyewe aliomba uwe mfupi na usiwe na sifa za msibani. Hilo la pili nitajitahidi. La kwanza anisamehe.

Alikuja hapa kama mpiga chapa, kwa mkataba wa miezi mitatu. Wakati huo maktaba ilikuwa vyumba viwili, makabati matatu ya droo, na waanzilishi wawili, mkunga na mwalimu mstaafu wa hesabu, waliokuwa wakikusanya kila kilichoandikwa na wanawake kuhusu maisha yao: vitabu, vijarida, mabango, kumbukumbu za vikao, barua, hata vipeperushi vilivyookotwa chini baada ya mikutano. Kila kitu kilihitaji kadi yake. Alizichapa kadi hizo kwa vidole kumi bila kuitazama mashine, na miezi mitatu ilipokwisha hakuna aliyemkumbusha kuondoka. Hupenda kusema kwamba mpaka leo anasubiri barua ya kuongezewa mkataba.

Jina la utani lilitoka kwenye kadi hizo. Chini ya kila kadi alichapa maneno "Angalia pia", kisha akataja mahali pengine ambapo msomaji angepata jambo linalohusiana. Aliyetafuta uzazi alielekezwa pia kwa wakunga. Aliyetafuta mashamba alielekezwa pia kwenye mirathi. Tabia ikamwingia mwilini. Ukimuuliza sukari iko wapi, atakuambia iko kwenye kopo la majani ya chai, na uangalie pia droo ya mihuri. Shemeji yetu, yaani mumewe, fundi wa baiskeli mwenye subira ya ajabu, aliwahi kupiga simu ofisini kuulizia soksi zake. Nilisikia kwa masikio yangu akielekezwa kwanza kwenye nguo zilizoanuliwa, halafu chini ya kitanda, halafu miguuni mwake mwenyewe. Alizipata hapo pa tatu.

Katalogi yetu ilipohamia mtandaoni, miaka tisa iliyopita, wengi tulidhani kazi yake imekwisha, maana mashine ingetafuta yenyewe. Kumbe ndiyo kwanza iliongezeka. Msomaji aliyekuwa akija kumuuliza mtu sasa alikaa peke yake mbele ya kisanduku cheupe, akaandika sentensi nzima kana kwamba anamwandikia shangazi yake barua, akabonyeza, akajibiwa kwamba matokeo ni sufuri. Basi akaondoka akiamini kwamba maktaba haina anachokitaka.

Ndipo alipoanzisha darasa la Jumatano alasiri, kompyuta sita na viti tisa. Nimelisikia darasa hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulifundisha nikiwa nimelala, na wapo wanaodai nimewahi kufanya hivyo. Alianza kwa kuwafutisha watu sentensi zao na kuwabakizia maneno mawili tu, yale mazito. Akawaonyesha kinyota kidogo kwenye kibodi, kwamba ukikitanguliza mbele ya "fanyakazi" utaletewa mfanyakazi na wafanyakazi kwa mpigo mmoja. Akawaonyesha orodha ya pembeni, mahali pa kuchagua kama unataka vitabu, mabango au kaseti, na za miaka ipi.

Kisha alifika sehemu aliyoipenda. Alimwambia mtu aandike "ufeministi", na wote wakaona kwamba vilivyokuja vilikuwa vya miaka ya karibuni karibu vyote. Je, kabla ya hapo wanawake walikuwa wamelala? Hapana. Waliifanya kazi hiyo hiyo bila kuiita hivyo. Waliandika kuhusu umoja wa wanawake, maendeleo ya akina mama, haki ya kumiliki shamba, ruhusa ya kwenda shule. Hapo alivua miwani. "Aliyeandika hakukujua wewe," aliwaambia, "kwa hiyo usimdai atumie maneno yako. Jiulize yeye mwenyewe jambo hili angeliitaje akiwa jikoni kwake." Na ukishapata rekodi moja inayokufaa, alisema, usikimbilie rafu. Ishuke rekodi hiyo mpaka chini, usome mada zilizoorodheshwa, ubonyeze mojawapo, nayo itakupeleka kwa jirani zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na darasa la Jumatano lilikuwa la kufundishana kuinama.

Aliyekosa hata baada ya yote hayo alipewa daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, jalada gumu, linaning'inia kwa kamba kando ya kompyuta ya mwisho, nasi tumezoea kuliita Daftari la Sufuri. Msomaji anaandika humo neno lile lile alilolitumia akakosa, bila kulipamba. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, Bi Angalia Pia alilifungua, akatafuta kile kilichokosekana, na alipokipata akaliongeza neno la msomaji kwenye rekodi ili atakayekuja na neno hilo kesho asikose tena. Halafu akaukata mstari kwa kalamu nyekundu. Vijana walioandika "kupigwa na mume" walikosa kwa sababu rekodi zetu zilisema "ukatili wa kijinsia". Baba mmoja aliandika "kulea mtoto peke yangu". Maneno yao yote yamo kwenye katalogi sasa.

Si kila mtu alifurahi. Mtaalamu wa mifumo aliyetutembelea alisema maneno hayo ya mitaani yanachafua katalogi, akapendekeza yaondolewe. Bi Angalia Pia alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, kisha akamwambia kwamba msomaji hatakiwi kufaulu mtihani ndipo apewe kitabu. Maneno yakabaki, na mtaalamu, nasikia, siku hizi anafundisha hivyo hivyo kwingine.

Nami nikiri kwamba mwanzoni nililicheka daftari hilo. Niliacha kulicheka kwa sababu ya muuguzi mmoja.

Alikuja miaka sita iliyopita, akiwa bado na sare ya zamu. Mama yake alikuwa dobi katika hospitali. Mwaka mmoja madobi wanawake wa hospitali hiyo waliweka kazi chini kwa siku nne wakidai glavu, kwa kuwa walikuwa wakifua mashuka yenye damu, mengine yakiwa na sindano ndani, kwa mikono mitupu. Mwanamke mmoja mwenye kinasa sauti akaja kuwahoji. Mama alipenda kuwasimulia wanawe kwamba na yeye yumo kwenye kaseti. Mama huyo alifariki wakati muuguzi bado yuko shuleni, akaacha picha mbili. "Mdogo wangu huniuliza mama alikuwa na sauti gani," alituambia pale mapokezi, "na mimi nimeanza kuisahau."

Tulitafuta mgomo, tukatafuta madobi, hospitali, kufua, mashuka. Sufuri. Bi Angalia Pia akamwomba aandike mwenyewe kwenye daftari, naye akaandika: Kaseti. Madobi. Glavu.

Mstari huo ulikaa bila wino mwekundu kwa miezi kumi na sita. Daftari lilipojaa, aliuhamishia ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Nilimtania kwamba huenda kaseti yenyewe haikuwahi kuwepo, au iko kwenye sanduku la ndugu za yule mwenye kinasa sauti. Hakucheka. Alisema sufuri si jibu. Sufuri inatuambia tu kwamba hatujauliza vizuri.

Hatimaye akabadilisha njia. Aliacha kutafuta maneno, akaanza kutafuta rekodi zenye maneno machache kuliko zote, zile maskini kiasi kwamba hakuna neno la msomaji linaloweza kuzinasa. Aliziagiza zijipange kuanzia fupi kabisa. Ya tatu kutoka juu ilisomeka hivi: Kaseti 11. Wanawake wakizungumza. Mengineyo.

Alishuka stoo akarudi na boksi, na pamoja nalo ile kadi ya zamani ambayo rekodi ilinakiliwa kutoka kwake. Nyuma ya kadi kulikuwa na tarehe na saini fupi ya aliyeichapa. Ilikuwa ya wiki yake ya pili kazini, siku ya Ijumaa, na saini ilikuwa yake. Siku hiyo ya zamani, boksi lilikuwa limeletwa karibu na saa ya kufunga. Hakuisikiliza hata kaseti moja. Alihesabu, akachapa, akaenda zake nyumbani.

Hakuna ambaye angejua. Kadi ile angeweza kuitia mfukoni, na sisi tungempigia makofi kwa kuipata kaseti. Badala yake aliileta kwenye kikao cha wafanyakazi wote, akaiweka mezani, akasema: "Nilifanya haraka, na haraka yangu imemficha mama wa mtu kwa zaidi ya miaka ishirini na minane. Tunawaambia wasomaji wainame. Sawa, lakini aliyekisukuma mvunguni ni mimi." Mkurugenzi wetu alijaribu kumtuliza kwamba alikuwa mgeni wa kazi, akakataa kutulizwa. Niliona aibu siku ile, kwa sababu nilijua kadi na rekodi zangu mwenyewe zilivyo, na Jumatatu yake nilianza kuzipitia kimyakimya.

Muuguzi alikuja na mdogo wake. Tuliwaweka kwenye chumba kidogo chenye redio kaseti, na tukawapa kaseti ya saba. Kwanza ni ngurumo ya mashine. Kisha mwanamke anaeleza jinsi walivyokuwa wakijifunga mifuko ya plastiki mikononi, na jinsi msimamizi alivyowauliza kama wamekuja kufua au kununua mboga, naye anacheka, cheko refu linalopanda juu. Ghafla anakatisha maelezo, anamwambia mtu pembeni: "Hebu mshike huyo mtoto, maji ya moto hayo." Muuguzi aliondoa kisikilizio sikioni, akasema mtoto huyo ni yeye. Mdogo wake aliomba irudishwe nyuma. Waliirudisha, wakairudisha tena, mpaka saa ya kufunga ikapita. Mimi nilikuwa nazitafuta funguo nikiwa nazo mkononi.

Baada ya hapo Bi Angalia Pia alitumia miezi minane kuzisikiliza kaseti zote kumi na moja na kumpa kila mzungumzaji rekodi yake. Leo ukiandika neno "glavu" kwenye kisanduku chetu, ukiwa popote, matokeo ni manne, na la kwanza ni lile la mama wa muuguzi. Jaribuni.

Mwezi uliopita, nilipoanza kuandika wasifu huu, nililiandika jina lake mwenyewe kwenye katalogi. Nilitaka tu kuhakiki mambo mawili matatu. Matokeo yalikuwa sufuri. Nikajaribu jina la utani, sufuri. Kumbe katalogi huwataja waliosema na walioandika, naye kwa miaka yote hii ameandika rekodi za wengine. Hata ile karatasi ya mwongozo wa kutafuta, tunayomgawia kila msomaji mpya, aliitia saini ya "Ofisi". Rekodi elfu thelathini na nane, na yeye hayumo hata moja.

Nikafanya alichonifundisha. Nilinyanyuka, nikaenda kwenye kompyuta ya mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu lianzishwe nikaandika kwenye Daftari la Sufuri. Niliandika: Bi Angalia Pia.

Ijumaa alilifungua kabla ya chai kama kawaida. Nilimwona akifika kwenye mstari ule. Aliusoma, akaifunika kalamu nyekundu, akaliweka daftari mezani kwangu, akaenda kuchemsha maji. Hajaligusa tena tangu siku hiyo, na halmashauri ya maktaba imenithibitisha mimi kuwa mtunzaji wa daftari hilo.

Basi Jumatano iliyofuata tulirekodi darasa lake la mwisho, tangu sentensi za kufutwa mpaka mada za mwisho wa rekodi. Nimeisikiliza sauti hiyo yote, mara mbili, kabla ya kuiandikia chochote. Katikati anasikika akikatisha somo na kuniambia nifunge dirisha, karatasi zinaruka. Kuna aliyeshauri tukate kipande hicho. Tumekiacha.

Rekodi iko mtandaoni tangu juzi, kwa jina lake kamili. Atakayeandika "namna ya kutafuta" atampata, atakayeandika "nimekosa kitabu" atampata, na hata atakayeandika "soksi", maana shemeji ameomba hivyo. Chini kabisa tumeweka angalia pia: madobi. Mstari wake nimeukata mimi, kwa kalamu yake nyekundu.

Dada yetu mpendwa, wafanyakazi na wasomaji wako wanakushukuru kwa kila mtu uliyemtoa mvunguni. Nenda ukapumzike na shemeji, kwa afya na kwa furaha, na Jumatano alasiri kiti cha tisa ni chako siku yoyote utakayotukumbuka. Ijumaa hii, kabla ya chai, daftari litafunguliwa.