Évariste Bisimwa na Magari ya Kugongana

Ndugu waombolezaji, mimi Goretti, dada mkubwa wa marehemu, ndiye niliyepewa karatasi hii niisome, kamati ya mazishi iliipitia Jumatano ikafuta mistari kumi na mmoja, nami nimeirudisha yote kwa mkono wangu, na anayeona vibaya, mlango uko pale.

Évariste Bisimwa alizaliwa Kabare, jirani na Bukavu, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu nyumbani kwetu, mimi nikiwa wa kwanza, ndiyo maana aliniita Yaya, kama kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake. Alisoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1983, kisha ufundi wa magari mjini Bukavu, akapata diploma mwaka 1990. Vita vilipotufukuza tulivuka ziwa hadi Kigoma, na katika kambi ya Nyarugusu, tarehe 8 Agosti 1998, alifunga ndoa na wifi yangu Jeannine, wakajaliwa Marie-Claire mwaka 2000, na Néhémie, aliyezaliwa hapa Birmingham mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya familia kufikia mtaa wa Lozells. Kuanzia 2006 hadi alipougua alikuwa fundi katika karakana ya mabasi, na kanisani kwetu alikuwa shemasi.

Sasa inaanza mistari iliyofutwa. Fundi mwenzake Navdeep, yule aliyekaa nyuma kabisa, alimpeleka mwaka 2009 kwenye mbio za magari ya kugongana, na mwaka uliofuata Évariste akawa ameunda gari lake mwenyewe. Aliponialika nikamtazame, aliniandikia ukurasa mzima wa maelezo, kwamba mgeni asihangaike na magari yote, achague namba moja aifuate hadi mwisho, kwamba aangalie rangi ya paa, jeupe ni la daraja la chini na huanza mbele, kisha njano, kisha bluu, na jekundu ni la waliobobea, huanza nyuma kabisa ili wapenye kwa jasho lao, kwamba nichukue pamba ya masikio, na kwamba, hapa alipiga mstari, kumgonga wa mbele kwa bampa ili kumsogeza kunaruhusiwa, ndio mchezo wenyewe, Yaya usiogope.

Ukurasa huo niliutia mkobani bila kuusoma, kwa kiburi tu. Jumapili tarehe 15 Mei 2011 nikaona Navdeep, mtu aliyekula ugali mezani kwa ndugu yangu, naye akiwa na gari lake uwanjani, akimgonga kwa nyuma hadi ndugu yangu akajibamiza kwenye uzio, nikapiga mayowe kwamba wanamuua, kisha mbio zilipoisha nikawakuta wawili hao wanakunywa chai ya chupa moja, wanacheka. Nikasema huyu amefungwa akili. Nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba ndugu yangu ana pepo, akaitiwa maombi ya kufunguliwa, akakataa kwa kuwa hakuwa na la kufunguliwa, wakamvua ushemasi, nami nikaapa kutokanyaga kwake mpaka atubu.

Oktoba 2024 alikutwa na saratani ya kongosho. Alimtuma Jeannine kwangu mara tatu, kwamba anataka kuniona, na mara tatu nilijibu atubu kwanza. Tarehe 15 Desemba alikuja kanisani kwa mkongojo, akasimama mbele akaomba msamaha wa kosa asilolifanya, alikonda huyo, suti inamning'inia, na bado nikainuka nikaomba apewe nidhamu kamili ya kanisa, miezi mitatu, kama wengine. Ningemtembelea ikiisha, tarehe 15 Machi. Alifariki hospitalini Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa mbili asubuhi, akiwa bado chini ya adhabu, na kwa sheria yetu mtu wa namna hiyo haingizwi kanisani hata akiwa ndani ya jeneza, ndiyo maana leo tuko katika ukumbi wa kukodi hapa Kings Heath, bila kwaya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakumficha ukweli, jirani yetu Mama Halimo aliyepika siku zote hizi wala si wa dini yetu, mafundi wa karakana waliobeba jeneza, na Navdeep, aliyempeleka kwenye matibabu kila Jumanne, akamwogesha alipokuwa hawezi kusimama, na ndiye aliyemshika mkono asubuhi ile. Wazee wa kanisa watanisamehe, shukrani zao sikuziandika, na zangu mimi hazipo.

Évariste, ulale kwa amani, mdogo wangu, Yaya amekuja.