Papa Zacharie Lotika, Rubani Aliyesoma Kabla ya Kuruka

Ndugu na majirani mliokuja kutusindikiza, mimi ni Aurélie, binti mkubwa wa marehemu. Nitajaribu kusoma bila kulia. Nikishindwa, mdogo wangu Arthur ataendelea.

Papa Zacharie Lotika alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mzee Alphonse Lotika, mvuvi. Alisoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari Kisangani, akilala kwa tonton wake, ndugu wa baba yake, hapa Mangobo. Mwaka 1981 alikwenda Kinshasa kujifunza urubani. Babu hakufurahi hata kidogo. Alitaka mtu wa kumsaidia nyavu.

Tangu 1985 aliendesha ndege ndogo kutoka Kisangani kwenda viwanja vya udongo ndani ya msitu. Kabla ya kila safari alifungua kitabu cha ndege na karatasi za ukaguzi, akasoma kila mstari kwa sauti huku akigusa kila swichi. Siku moja mama mmoja mchuuzi wa samaki alipomwona, alipiga kelele: "Pilote iko nasoma kitabu? Donc hajue kazi! Munishushe!" Papa akacheka. "Mama, siku utaona sisome, ile siku njo ushuke." Mama yule akafunga macho na kusali mpaka walipotua.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Angélique, mama yetu. Mungu aliwajalia watoto wanne: mimi, Arthur, Israël na Falonne.

Kuna jambo ambalo baadhi ya jamaa walitaka nisilitaje. Nitalitaja, maana kila mtu hapa analijua. Agosti 2009 Falonne, mwenye miaka tisa, alishikwa na malaria kali akiwa likizo kwa bibi, kule Opala. Papa alitakiwa kumfuata mchana uleule. Ndege ilikuwa ya aina ambayo hakuwa ameizoea, na kiwanja cha kule kilikuwa kifupi, kimelowa. Wapakiaji walikuwa wameshusha kitabu pamoja na viti ili mizigo ipate nafasi, kikabaki mjini. Papa alikataa kuondoka bila kitabu, kwani humo ndimo mlimokuwa na vipimo vya kutua kwenye matope. Kilipoletwa, mvua ilikuwa imefunga anga. Aliondoka kesho yake asubuhi, akamkuta Falonne amekwisha kufariki, akarudi naye tukamzika hapa.

"Kitabu mbele, mutoto nyuma?" mama alimwuliza siku ya msiba, mbele ya watu wote.

Marubani wenzake walisema alifanya sawa, kwamba tungewazika wawili. Mimi hadi leo sijui, na nadhani hata yeye hakujua. Aliendelea kuruka hadi 2018, na hakuacha kusoma.

Mama alikaa kwa dada yake muda mrefu, kisha akarudi kwa ajili yetu. Walikula pamoja, walisali pamoja, lakini jina la Falonne halikutajwa kati yao. Kaburini kila mmoja alikwenda kivyake. Nilipomsihi papa aombe msamaha, alisema, "Aurélie, siwezi kumuomba mama yenu kitu ya vile." Iliniuma sana, na inaniuma hata sasa.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Mama hakubanduka kando yake. Kabla ya kila dawa alimsomea karatasi ya daktari kwa sauti, ingawa alikuwa anaijua yote kwa kichwa. Papa alimsikiliza akiwa amefumba macho. Alituacha Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Angélique. Watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake, tonton Noël.

Tonton Noël na wazee wa Yanonge waliomba papa akazikwe kwao, na hiyo ni haki yao. Jana kwenye kikao walikuwa wamekwisha kutafuta mtumbwi wa injini. Ndipo mama akasimama.

"Hapana. Alichelewa kumufikia Falonne. Leo mumufikishe."

Hakuna aliyebisha. Ndiyo maana tumesimama hapa, pembeni ya kaburi la mdogo wetu.

Papa, umefika. Lala salama.