Tunaomba Mashine Mpya Isiwashwe Leo

Mgeni rasmi, karibu kwetu. Umetukuta tumechoka, lakini tumefurahi kukuona, na tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama.

KAZI YETU

Sisi tunafungasha maziwa ya unga ya watoto wachanga. Ndani ya ukumbi wetu wa kufungasha, maji ni adui. Unga ukipata unyevu, vijidudu huzaliana, na mtoto mchanga hana nguvu za kupambana navyo. Kwa hiyo hatupigi deki. Tunasafisha kwa brashi na mashine ya kufyonza vumbi, taratibu, hadi asiyetujua hudhani tunategea.

Anayetufundisha ni mwenzetu tunayemwita Mama Brashi. Ukiingia na chupa ya maji, anakufukuza kama kuku aliyeingia sebuleni.

MAFANIKIO

Hatujawahi kusikia mtoto aliyeugua kwa maziwa yetu. Tunaomba iendelee hivyo.

YALIYOTUPATA JANA

Jana, baada ya zamu mbili mfululizo za kuandaa mapokezi yako, sakafu ilikuwa safi lakini haikung'aa. Msimamizi wetu, naye hoi kama sisi, akaleta ndoo. Mama Brashi alimzuia mlangoni.

"Bosi, tukimwaga maji humu tumekwisha."

"Mama yangu, mgeni akute sakafu imefifia? Pigeni deki, halafu mkaushe vizuri."

Mama Brashi alitugeukia, sisi tukatazama chini. Miguu ilikuwa inamuuma, na aliona wazi kwamba kila mmoja wetu anataka kwenda nyumbani. Akachukua tambara. Nasi tukachukua. Sakafu ikang'aa, kama unavyoiona kupitia kioo hicho.

Leo asubuhi Mama Brashi alipitisha brashi chini ya mashine mpya ya kufungashia, hii uliyokuja kuizindua, ikatoka na uji mweupe. Aliketi palepale sakafuni, mkono shavuni. Msimamizi alipouona uji ule, alipeleka sampuli maabara mwenyewe. Majibu bado. Risala hii tulimwonyesha kwanza, akasema, "Isomeni. Nitasimama nanyi."

OMBI LETU

Mgeni rasmi, tunajua wapiga picha wamefika na kitufe kimefungwa utepe. Tunaomba usikibonyeze. Turuhusu tuifungue mashine, tuikaushe, ipimwe upya. Tumeambiwa kuchelewa kunaweza kutugharimu ajira, na tumelia kwa hilo. Maombi ya posho na usafiri tuliyokuwa tumeyaandika tumeyafuta. Limebaki hili moja.

Mungu akupe moyo wa kutusikiliza, na awalinde watoto ambao hawawezi kutuuliza tumewawekea nini kinywani.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ukumbi wa Kufungasha