Mashine Iliyofagiliwa Kupisha Bustani ya Ubunifu

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi, wahadhiri, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliosimama juani ili wakubwa wapate viti:

Jumanne iliyopita asubuhi, hapa hapa mlipokaa, ilipotea mashine ya kukandia unga ya binti yangu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Haikuibwa. Ilifagiliwa.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wazazi katika ufunguzi wa Bustani hii ya Ubunifu, na mimi shukrani sizifanyii ubahili. Ni mwokaji mikate. Nilianza na jiko moja la mkaa na sufuria ya kuazima, leo naoka mikate mia nne kwa siku. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mnivumilie nikikosea mambo ya kisomi.

Naanza na Idara ya Usafi. Mliambiwa wakaguzi wanakuja kuona ubunifu wa wanafunzi, mkaona uwanja wa karakana umejaa vyuma, nanyi kwa bidii mkaviondoa vyote mkapanda maua. Nani mwingine angeweza? Mimi nikisikia mteja anakuja kununua mkate, sijawahi kufikiria kumsafishia rafu kwa kuitupa mikate.

Nilipomfuata msimamizi wa usafi alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, tuliagizwa tuondoe kila kisichopendeza."

"Lakini baba, ilibandikwa karatasi: usiguse, mtihani."

"Hata hiyo karatasi haikupendeza, Mama."

Bawabu naye hana lawama. "Lori la vyuma chakavu lilikuwa na kibali, shangazi. Mimi kazi yangu kukagua mabegi ya wanafunzi."

Kwa mnunuzi wa vyuma niliikuta imeshakatwa vipande. Mizani ilisoma kilo sitini na mbili. Miezi minane ya binti yangu, mota aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kufulia, gia alizozichonga mwenyewe, vyote vimeuzwa kwa bei ya vyungu viwili kati ya hivi vya maua. Hongereni. Vyungu ni vizuri.

Mashine ile ilikanda kilo ishirini na tano za unga kwa dakika kumi na mbili. Mikono yangu na ya dada yangu inachukua dakika hamsini, na maumivu ya mgongo juu yake.

Mkuu wa Kitivo alitupokea vizuri. Alizungumza Kiingereza kitupu, robo saa nzima, bila kumeza mate. Nikamgeukia binti yangu: "Anasemaje?"

"Anasema pole, Mama."

"Hayo yote ni pole?"

"Pole iko mwishoni. Huko mwanzo anasema mtahini wa nje lazima aione mashine ikifanya kazi, la sivyo ni sifuri, nirudie mwaka."

Sifuri, kwa kutowasilisha kazi! Waheshimiwa, hebu geukeni mtazame bango lililo nyuma yenu. Yule msichana mwenye ovaroli, anayecheka, mkono juu ya mashine, ni nani? Mmempiga picha, mmemkuza akawa mrefu kuliko mlango, mmeandika kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye fahari ya chuo. Basi mashine ilikuwepo vya kutosha kukisifu chuo, ila haikuwepo vya kutosha kumpa mtoto alama. Mimi ningefanya hesabu ya namna hiyo dukani, ningekuwa nimefunga zamani.

Kwenu mwaka ni semista mbili tu. Kwetu ni kazi ya kiwandani aliyokwisha kuahidiwa, na kiwanda hakitamngoja. Juzi nilimkuta jikoni, anakanda donge kwa mikono. Nikamwambia, "Mwanangu, sema japo neno." Akasema, "Mama, ningejua ningeipaka rangi."

Sasa sitaki pole nyingine. Ninayo ya kutosha, tena ya Kiingereza. Mtahini wa nje yule pale, safu ya pili. Mhadhiri aliyemsimamia aliiona mashine ikikanda, wenzake thelathini na wanane waliiona, na video ziko kwenye simu zao. Seneti yenu inakutana leo saa kumi na moja jioni kupitisha wahitimu.

Swali langu ni moja, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo: kazi ya binti yangu itasahihishwa kwa ushahidi huo, ndiyo au hapana? Nijibu wewe mwenyewe, si kamati, si katibu muhtasi, na kwa lugha ninayoielewa, kabla ya saa kumi kamili. Mimi siondoki; nitakaa kwenye benchi hili jipya, nisubiri.

Wote mlionipa masikio yenu, nawashukuru sana. Sasa hivi ni saa nane na robo.