Kahawa Iliyolala Nje

Ndani ya Landrova iliyotoka Kayanga kwenda Ihanda, Kantengwa alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake mama mmoja alikuwa amemkalia kooni kijana aliyepakata kamera ya video.

“Jana niliiona filamu yenu ukumbini. Binti anakimbia migombani usiku, mbalamwezi imejaa, na kahawa mmeiacha uani! Nani analala kahawa iko nje inalowa umande?”

Kijana akacheka. “Mama, ule ulikuwa mchana, jua la utosi! Tulifunika kioo cha kamera kwa nailoni ya buluu, tukayamwagia majani ya migomba maji yang'ae. Kahawa ilikuwa imeanikwa, tukasahau kuiondoa.”

Kantengwa akafumbua macho yote mawili. Naye alikuwepo ukumbini, tena alimwombea kabisa yule binti wa kwenye filamu.

“Usinichezee,” mama akasema. “Mchana gani huo? Mimi pale ukumbini nilijitanda kitenge kwa baridi!”

“Ni nailoni tu, mama.”

“Na baridi je?”

Landrova ikasimama Ihanda, mama na kijana wakashuka wakibishana. Kantengwa akautoa mfuko wake wa nailoni wa buluu, akauweka machoni, akatazama nje kwenye jua kali. Migomba yote ya Ihanda ilikuwa imelala mbalamwezini. Taratibu, akajitanda kitenge.