Debe la Maji na Wimbo wa Somoe

Ndugu zangu mliokaa kwenye baraza hii, kila mtu na maradhi ya kifua chake, nawasalimu. Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Kusoma nilijifunza ukubwani, basi mistari ikipinda mnisamehe. Nimeandika kwa sababu nikisema mengi pumzi hunikatikia njiani. Huyu aliyekaa ubavuni mwangu ndiye atakayenisomea. Sauti yake, maneno yangu.

Nilifiwa na mume nikiwa kijana, enzi za Mwingereza, nikabaki Kinondoni na mtoto wa kike anayenyonya. Siku zile misufi ilikuwa mingi, kuanzia Mikocheni mpaka kule Boko, na palikuwa na tajiri mmoja aliyenunua sufi ya kujazia magodoro. Simtaji, wajukuu zake wapo. Kazi yetu wanawake ilikuwa kuipiga ile sufi kwa fito mpaka kokwa zidondoke. Na sufi, kwa msioijua, ni nyepesi kuliko pamba. Upepo ukiingia tu, mali ya tajiri imeruka mpaka kwa jirani. Kwa hiyo tulifungiwa. Mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, nasi ndani tunapiga.

Tulikuwa mie, Tatu binti Salehe, Mwajuma Mngoni, Binti Chande, na Somoe wa Kigamboni. Nawataja kwa kuwa hakuna tena anayewataja. Asubuhi kila mmoja alijifunga kanga puani. Lakini fito hazipigwi bila wimbo, na wimbo hauimbwi mdomo umefunikwa. Basi Somoe akianza tu, kanga zote zinashuka shingoni. Asiyeshusha aliambiwa anaringa. Somoe alikuwa akiuliza, "Godoro laini, atalala nani?" Nasi tunamjibu, "Si mie si wewe, sie na mkeka." Jioni tukitoka, kope nyeupe, nywele nyeupe, yeye hucheka: "Tumeota mvi, na waume hata hawajatutosha."

Tulicheka, ndugu zangu. Nawaambia, tulicheka na huku tunameza.

Kikohozi kilianza kama cha kila mtu, kikakataa kuondoka. Nikawa nikitwanga nakaa, nikifagia nakaa, mwisho hata nikikaa nahema kama mtu aliyekimbizwa. Majirani wakasema ni pepo. Wakanifunika shuka zito, wakaniwekea chetezo chini yake nifukizwe, wakashikilia pindo moshi usitoke. Walifanya kwa mapenzi, na mie mwenyewe niliomba. Nilitolewa mle midomo imekuwa ya kijivu. Pepo aliposhindwa kutoka, wakasema basi ni kifua kikuu, na hapo ndipo nilipokuwa peke yangu. Kata yangu ya maji ilitengwa. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akaja kutoka Temeke kumchukua mtoto, ambaye kwa wakati huo alikwisha kuwa wa kukimbia na kuuliza maswali. Jina la wifi ninalo, nalala nalo naamka nalo, ila silitaji, ametangulia.

Nilimwambia ananinyang'anya. Akajibu bila kunitazama.

"Sikunyang'anyi. Siku utakayochota debe kisimani kwetu ukalileta mpaka mlangoni kwangu bila kukaa chini, nitajua mtoto ana mama. Sasa hivi ana mgonjwa."

Mtoto aliondoka akinipungia mkono. Alidhani anakwenda kutembea.

Hospitali ya serikali kule mjini walinipima makohozi, wakakuta si kifua kikuu. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mapafu yamechakaa kwa vumbi, na yaliyochakaa hayarudi. Nikageuza shingo nisimwonyeshe machozi, na kitanda cha pili nikamwona nani? Somoe. Amekonda, sauti imebaki uzi. Tatu, Mwajuma na Binti Chande hawakuifikia hata hospitali. Somoe ndiye aliyenipa habari zao, mmoja baada ya mwingine, na kila jina alipumzika.

Palikuwa na nesi wa Kinyamwezi, Anjelina, aliyefundishwa kuwazoesha wagonjwa kupumua. Aliweka taa ya koroboi mbele yetu mchana kweupe, akasema tuvute hewa kwa pua, taratibu, tumbo ndilo liinuke, si mabega. Kisha tubane midomo kama anayepoza uji, tupulize, mwali uiname usizimike.

"Mnapigania kuingiza hewa," alituambia, "na ya zamani bado imejaa ndani. Itoeni kwanza."

Mie kwa pupa yangu nilikuwa nauzima kila mara. Somoe akanitania, "Shoga, koroboi imekukosea nini?"

Alasiri moja zamu ikawa yake. Akabana midomo, akapuliza. Mwali haukutikisika. Akapuliza tena. Ukasimama wima, kama hakuna mtu mbele yake. Akaniangalia, na siku hiyo hakutania. Kabla ya magharibi alikuwa amefunikwa shuka usoni. Mpaka leo umeme ukikatika, nikiona mshumaa umesimama wima, naupa kisogo.

Nilipotoka, Anjelina aliniagiza nitembee kila siku, nisimame kabla pumzi haijanisimamisha. Nikapata chumba Temeke, karibu na kisima cha akina wifi. Kutoka kisimani mpaka mlangoni kwake palikuwa na minazi njiani. Nilikuwa natoka mnazi mmoja naegemea mwingine. Wanawake wa kisimani wakaniita Bi Arusi, kwani nani mwingine anatembea vile? Nilianza mikono mitupu, baadaye na kata, baadaye na kibuyu.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Kila nilipopunguza mwendo nilimsikia Somoe. Si ndoto, jua linawaka. Anauliza vilevile: godoro laini, atalala nani? Nami nilikuwa naharakisha nimkimbie, na nikiharakisha pumzi inakatika. Nikaamini ananiita nimfuate.

Ikafika siku nikajitwika debe. Wifi amesimama mlangoni, mwanangu ameshika kanga yake. Katikati ya njia kifua kikafunga. Nikaegemeza bega kwenye mnazi, na pale pale Somoe akaja.

Siku hiyo sikukimbia, maana sikuwa na pumzi ya kukimbilia. Nikamwacha aulize. Alipokuwa akiuliza, nikavuta kwa pua. Alipomaliza, nikabana midomo nikamjibu kwa kunong'ona, polepole, jibu refu kuliko swali: si mie si wewe, sie na mkeka. Akauliza tena. Nikajibu tena. Mabega yakashuka. Nikaondoka kwenye ule mnazi kwa mwendo wa wimbo wake, yeye anauliza, mie najibu, mpaka kizingitini.

Wifi akanitua. Akachungulia ndani ya debe. Sitawadanganya, halikujaa, maji yalikuwa nusu, na yeye aliona. Akamgeukia mwanangu.

"Nenda ukamletee mama yako sufuria," akamwambia mtoto. "Maji haya yanatosha uji wako."

Namshukuru Mungu. Namshukuru Anjelina, popote alipozikwa. Namshukuru wifi kwa lile neno moja, mama. Na nyie mlio wageni wa maradhi haya, ninalo dogo la kuwapa: mwenye kifua asifukizwe, afunguliwe dirisha. Na pumzi msiikimbilie. Itoeni kwanza, ndipo ije nyingine.

Somoe hajaniacha. Kila asubuhi bado anauliza, nami sijui kama nilimshinda au nambeba tu.

Sasa Zuhura, mwanangu, kunja karatasi. Leo uliza wewe, umpumzishe Somoe. Na nyie wenzangu, anapouliza vuteni kwa pua. Tukimjibu, tujibu polepole.